Kiswahili chahitaji waandishi wa msimbo, si watafsiri pekee

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa mwambao ilikusudiwa majahazi, lakini siku hizi yafaa kuelekezwa kwa vyombo vya namna nyingine ambavyo walimu na wanafunzi huvipanda kila uchao pasi na kuuliza vimeundwa na nani. Mwanafunzi anayesoma makala katika Wikipedia, mhadhiri anayepokea insha kupitia Moodle, na mhudumu wa afya wa Eldoret anayefungua rekodi ya mgonjwa katika OpenMRS, wote wamo ndani ya programu za mtandao zilizoundwa kwa mikono ya watu. Programu hizo tatu zina sifa moja ambayo abiria wengi hawaijui. Mbao zake, misumari yake na ramani yake vyote viko wazi mbele ya macho ya yeyote atakaye kuvitazama. Na fundi awaye yote ana ruhusa ya kuchukua randa, kunyoosha ubao uliopinda, kisha kuwaomba wenzake waikubali kazi yake.

Hizo ndizo programu huria. Kila programu huandikwa kwa msimbo, yaani mfululizo wa maagizo ambayo tarakilishi huyafuata. Katika programu zilizofungwa, msimbo ni siri ya kampuni, na mtumiaji hana njia ila kutumia na kunyamaza. Katika programu huria, leseni yenyewe humpa kila mtu haki nne: kuitumia programu kwa kusudi lolote, kuuchunguza msimbo wake, kuubadilisha, na kuwagawia wengine nakala, iwe ya asili au iliyobadilishwa.

Hoja yangu leo ni nyepesi kuitamka ijapokuwa si nyepesi kuitekeleza. Sisi wenye Kiswahili tumezoea kuingia katika programu hizi kwa mlango mmoja tu, mlango wa tafsiri. Tunakabidhiwa orodha ya maneno ya Kiingereza, tunayatafutia visawe vya Kiswahili, kisha tunaondoka tukidhani kazi imekwisha. Siidharau kazi hiyo hata kidogo. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003 na kukuzwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hizo ni juhudi za kuheshimiwa. Hata hivyo, sarufi ya programu haikai yote katika orodha ya maneno; sehemu yake kubwa hukaa katika msimbo. Maadamu msimbo huo unaandikwa na watu ambao hawajapata kusikia habari za ngeli, Kiswahili kitaendelea kuvishwa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Nitoe mfano. Tuseme mwandishi wa programu anaunda ukurasa ambamo mtu anaweza kufuta vitu mbalimbali: picha, kiungo, jina, ukurasa, au hata mtumiaji mwenzake katika orodha. Kwa kuwa huwaza kwa Kiingereza, haoni haja ya kuandika sentensi tano. Huandika kitenzi kimoja kinachoarifu kwamba kitu kimefutwa, kisha huacha pengo mbele yake ambamo tarakilishi itapachika nomino yoyote itakayohitajika. Kwa Kiingereza sentensi zote tano hutoka barabara, kwa sababu kitenzi cha lugha hiyo hakijali kama kilichofutwa ni mtu, kitu au jina.

Sasa mkabidhi mtafsiri wa Kiswahili kitenzi hicho. Ataandika nini? Picha imefutwa, kiungo kimefutwa, jina limefutwa, ukurasa umefutwa, mtumiaji amefutwa. Shina ni moja, viambishi ni vitano, na nafasi aliyopewa ni ya neno moja. Yamkini atachagua "imefutwa", kwa kuwa hupatana na nomino nyingi za mkopo, na matokeo yake skrini itatangaza kwamba "kiungo imefutwa" na "jina imefutwa". Mwalimu angeipiga sentensi kama hiyo kalamu nyekundu katika daftari la mtoto wa darasa la nne. Lakini ni nani atakayeipiga skrini kalamu nyekundu? Kipindi cha Kiswahili hudumu dakika chache, ilhali skrini huandamana na kijana kutwa kucha. Akiona "kiungo imefutwa" mara ishirini kwa siku, mwishowe ataamini kwamba huo ndio usemi wa sawa, na kwamba upatanisho wa kisarufi ni adhabu iliyobuniwa na walimu kwa ajili ya mitihani.

Kosa hilo si la mtafsiri. Hata angekuwa bingwa wa lugha, asingeweza kuingiza maumbo matano katika pengo moja. Dawa ni mtu kuingia katika msimbo wenyewe, kuivunja sentensi ile ya kuungaunga, na kuandika mahali pake sentensi kamili kwa kila nomino. Pengine badiliko lote halitazidi mistari kumi. Lakini mistari hiyo kumi haiandikiki na mtu asiyejua kuuandika msimbo, wala haimjii akilini mtu asiyeijua ngeli. Yataka mtu mmoja mwenye maarifa yote mawili, au watu wawili walioketi pamoja.

Fauka ya hayo, faida ya badiliko kama hilo haiishii kwetu. Kikikuyu, Kinyarwanda, Kilingala na Kizulu vina ngeli kama Kiswahili, navyo huumizwa na pengo lilelile. Hata Kifaransa na Kiarabu, ambavyo hugawa nomino kwa jinsia, hufaidika mara sentensi ya kuungaunga inapoondolewa. Mswahili mmoja akiunyoosha ubao huo, abiria wa lugha nyingi huketi kwa raha.

Msomaji asidhani kwamba nazungumzia ndoto. Watu wa lugha nyingine wamekwisha kulifanya jambo hili, na historia ya MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, yatosha kuwa ushahidi. Wikipedia ilipozaliwa Januari 2001, iliendeshwa kwa programu iitwayo UseModWiki ambayo haikuundwa kwa mzigo mkubwa kiasi kile. Aliyeandika programu mpya si kampuni, bali ni Magnus Manske, Mjerumani aliyekuwa mwanafunzi wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Cologne. Programu yake ilianza kutumika tarehe 25 Januari 2002. Katikati ya mwaka huohuo Mmarekani Lee Daniel Crocker aliiandika upya ili iweze kuhimili wasomaji waliokuwa wakiongezeka, na mwaka 2003 ikapewa jina la MediaWiki. Nawaomba wanafunzi waitazame vyema habari hiyo: mojawapo ya tovuti zinazosomwa sana duniani ilisimamishwa na mwanafunzi ambaye hata fani yake haikuwa tarakilishi.

Kisha wakaja wenye lugha zao. Wafini waliona kwamba programu ile haikujua kunyambua nomino. Kifini huongeza viambishi tamati kwenye nomino, hata kwenye majina ya pekee. Atakaye kusema "katika Wikipedia" kwa lugha hiyo husema "Wikipediassa". Basi ukawekwa msimbo wenye kanuni za uhusika wa Kifini, ili jina la tovuti libadilike kulingana na sentensi lilimo. Warusi walikuwa na shida ya idadi. Katika lugha yao nomino hubadilika kulingana na tarakimu: ina umbo moja pamoja na 1, umbo jingine kwa 2 hadi 4, na jingine kuanzia 5, kisha 21 hurejea kwenye umbo la 1. Kijapani hakina haja ya tofauti hiyo, ilhali Kiarabu kina maumbo 6. Leo kanuni hizo za idadi hukusanywa katika hazina ya CLDR inayosimamiwa na shirika la Unicode, na programu nyingi huchota humo. Kiswahili kimeandikwa humo kuwa na maumbo 2, umoja na wingi.

Maumbo mawili, ndiyo, lakini hapo pana jambo ambalo ni mwenye lugha tu anayeliona haraka. Katika Kiingereza, tofauti ya umoja na wingi mara nyingi hukaa mwishoni mwa nomino, na mwandishi wa msimbo aweza kuizungushia alama nomino hiyo pekee. Kwetu wingi hutambaa katika sentensi nzima: ukurasa 1 uliochaguliwa umefutwa, kurasa 5 zilizochaguliwa zimefutwa. Hakuna neno lililobaki kama lilivyokuwa. Kwa hiyo alama ya idadi haina budi kuizungushia sentensi yote, si neno moja. Mwandishi wa msimbo akiambiwa hivyo mapema, hapotezi chochote. Asipoambiwa, mtafsiri hujikuta amefungwa mikono.

Tena iko fahari kidogo ya kujipa. Waandishi wa MediaWiki walilazimika kuweka utaratibu wa kuitambua jinsia ya mtumiaji, kwa sababu lugha nyingi haziwezi kusema "amehariri" bila kujua kama aliyehariri ni mume au mke. Kiswahili hakihitaji utaratibu huo. Kiambishi chetu kimoja hutosha kwa wote wawili. Kila lugha ina mahali inapoisumbua programu na mahali inapoipa nafuu. Kinachotakiwa ni wenye lugha wawepo katika majadiliano ili waseme ni wapi.

Mfano wa pili ni saa. Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na saa za usiku linapotua. Programu nyingi huandika "7:00" na kuongeza kando yake neno la Kiswahili lenye maana ya asubuhi. Mzazi aliyezaliwa Lamu au Mombasa, akisoma kwamba mkutano wa shule utaanza "saa 7:00", ana haki ya kufika adhuhuri, wakati walimu wamekwisha kutawanyika. Je, tarakilishi itoe saa sita na kuandika saa 1:00 asubuhi? Au iache tarakimu kama zilivyo kwa sababu wasomaji wengi wa magazeti na tiketi wamezoea saa za kimataifa? Au impe mtumiaji uhuru wa kuchagua? Hilo ni swali la lugha, la mila na la hesabu kwa wakati mmoja. Hakuna tafsiri ya neno inayoweza kulijibu. Lazima tarakilishi ifundishwe kuhesabu, na kabla haijafundishwa, lazima Waswahili wajadiliane na kuafikiana.

Mfano wa tatu ni mdogo kwa umbo lakini mkubwa kwa uchungu. Ni ritifaa, ile alama iliyo katika ng'ombe na ng'ambo. Kwa mwanaisimu, ritifaa si pambo. Bila hiyo, "ng'oa" hugeuka "ngoa", na kung'oa mti si sawa na kuwa na ngoa. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, ambaye jina la ukoo wake lina ng', alijaribu kujisajili kwa mafunzo kupitia tovuti ya taasisi moja. Tovuti ikamjibu kwamba jina lake si sahihi. Jina la babu yake! Akaiondoa ritifaa, akasajiliwa, na cheti kilipotoka hakikulingana na kitambulisho chake. Alihangaika kwa majuma kadhaa, akipanda na kushuka ngazi za ofisi, ili athibitishe kwamba yeye ni yeye.

Sababu ya tatizo hilo si uadui dhidi ya majina yetu. Katika lugha inayotumiwa kuulizia hifadhidata, alama hiyohiyo huonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Mtu asipoangalia, jina lenye ritifaa huivuruga amri, na mhalifu aweza hata kupitishia hapo amri zake mwenyewe. Waandishi wavivu huamua kuipiga marufuku alama yenyewe, nao wenye majina kama Ng'ang'a, sawa na Wairishi wa kina O'Brien, hufungiwa mlango. Njia sahihi inajulikana tangu zamani: amri ipelekwe peke yake na data peke yake, ili jina lolote lipokewe salama. Tovuti ile ilikuwa ya programu iliyofungwa. Tuliandika barua, hatukujibiwa. Ingalikuwa programu huria, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya tarakilishi angaliweza kuufungua msimbo, kuiona kanuni inayokataa ritifaa, kuirekebisha, na kupendekeza rekebisho lake mbele ya watu wote. Hapo ndipo penye tofauti baina ya kuomba na kushiriki.

Je, kushiriki huko hufanyikaje? Mgeni huanza kwa kuitumia programu na kuisoma. Kila mradi mkubwa una daftari la hadhara la kasoro zinazosubiri kurekebishwa, na baadhi ya kasoro hutiwa alama ya kwamba zawafaa wanaoanza. Mgeni huchagua moja, hujinakilia msimbo wote katika tarakilishi yake, hufanya badiliko, huijaribu programu ili ahakikishe kwamba hakuziba ufa kwa kubomoa ukuta, kisha hulituma badiliko lake likiwa na maelezo mafupi ya kilichobadilishwa na sababu yake. Miradi mingi hutumia Git, chombo alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho huweka kumbukumbu ya kila badiliko, aliyelifanya, na siku alipolifanya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye programu huria wameishika methali hiyo kuliko wahasibu wengi.

Baada ya hapo huja mapitio, na hapa walimu watajiona wako nyumbani. Katika MediaWiki, wahakiki husoma kila mstari na kutoa alama kuanzia kutoa 2 hadi kujumlisha 2. Kujumlisha 1 maana yake ni kwamba kazi yaonekana nzuri lakini mwenzangu na aithibitishe. Kujumlisha 2 ni idhini ya kuiingiza katika programu, nayo hutolewa na waliokwisha kuaminiwa tu. Kutoa 1 si fedheha. Ni mwaliko wa kurekebisha na kurudi. Mwanafunzi hukosolewa hadharani, kwa adabu na kwa hoja, na watu asiowajua, wengine wakiwa mabingwa waliobobea. Kisha hujibu, hurekebisha, hutuma tena. Sisi wahadhiri huliita jambo hilo uhakiki wa wanataaluma wenza, na wengi wetu hukutana nalo tukiwa tumeshapata shahada ya pili. Kijana wa miaka kumi na tisa aweza kulionja leo.

Tena si lazima kila mchango uwe wa msimbo mtupu. Katika MediaWiki, kila ujumbe unaoonekana kwenye skrini huwa na maelezo yaliyohifadhiwa katika faili ya pekee iitwayo qqq, kana kwamba qqq ni lugha miongoni mwa lugha. Humo mwandishi wa msimbo humweleza mtafsiri kwamba pengo hili litajazwa jina la mtu, lile litajazwa tarakimu, na neno hili ni kitenzi wala si nomino. Mwanafunzi wa isimu mwenye jicho kali aweza kuziboresha taarifa hizo, na kila lugha ikafaidi. Mtandao wa translatewiki.net, ulioanzishwa na kijana wa Kifini Niklas Laxström, huwakutanisha watafsiri na waandishi wa msimbo kwa ajili ya kazi za namna hiyo.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba msimbo ni Kiingereza, na kwa hiyo si wetu. Ukweli ni kwamba maneno ya Kiingereza yaliyomo si mengi. Python, lugha ya msimbo inayopendwa kufundishiwa, ina maneno-msingi 35 tu. Ruby iliundwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto. Lua, ambayo tangu mwaka 2013 imekuwa ikitumika ndani ya Wikipedia kuendesha violezo vya kurasa, ilibuniwa Rio de Janeiro nchini Brazili mwaka 1993, na jina lake ni neno la Kireno lenye maana ya mwezi. Wabrazili hawakungoja ruhusa ya mtu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini kijana wa Kiafrika, anayenunua data kwa pesa za nauli, afanye kazi bila malipo kwa faida ya wenye nacho? Silipuuzi swali hilo. Kampuni kubwa hutumia programu huria na kuchuma kwazo, na kuna vijana wanaotoa jasho wasipate hata asante. Lakini iko mipango ya kulipa wanaoanza, kama vile Google Summer of Code iliyoanza mwaka 2005, na Outreachy, ambayo huwalenga hasa watu wa makundi yasiyowakilishwa vya kutosha. Iko pia rekodi ya hadharani, yenye jina la mchangiaji juu ya kila mstari alioukubaliwa, ambayo mwajiri aweza kuisoma mwenyewe badala ya kuamini sifa za barua. Zaidi ya yote, kijana hulipwa kwa chombo chenyewe: programu inayosema lugha yake vizuri ni mali yake na ya watoto wake.

Pingamizi la tatu limezuka juzijuzi. Wako wanaosema kwamba sasa tarakilishi huandika msimbo zenyewe, basi ya nini kujisumbua? Mashine hizo hakika huandika haraka. Lakini haziwezi kumwamulia Mswahili kama mkutano wa wazazi uandikwe saa 1 au saa 7. Anayetuma badiliko ndiye anayepaswa kulitetea mbele ya wahakiki, na mtu hawezi kutetea asichokielewa.

Wala tusijione wageni katika bahari hii. Chimbuko moja la OpenMRS liko hapa kwetu. Mwaka 2001 mfumo wa rekodi za wagonjwa ulianzishwa katika kituo cha afya cha Mosoriot, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kutokana na ujuzi wa kazi hiyo, ujenzi wa OpenMRS ulianza mwaka 2004, na Eldoret ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza ilipotumika, mwaka 2006. Na Januari 2008, nchi ilipokuwa ikivuja damu baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliunda kwa siku chache tovuti ya kukusanya taarifa za raia na kuziweka kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Msimbo wake uliwekwa wazi, na baada ya tetemeko la ardhi la Haiti mwaka 2010, programu hiyo ilitumika kukusanya taarifa za waliohitaji msaada. Nomino yetu ya ngeli ya U ilivuka bahari ikiwa haijatafsiriwa.

Basi tufanye nini? Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini Kenya (KICD) iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Hiyo ni fursa, lakini itakuwa na tija ndogo iwapo mwalimu wa tarakilishi na mwalimu wa Kiswahili watakutana kwenye chai tu. Napendekeza zoezi moja ambalo halihitaji fedha. Wanafunzi wa kidato wachukue programu huria moja yenye sura ya Kiswahili. Waipitie skrini baada ya skrini wakiwa na nomino tano za ngeli mbalimbali na tarakimu mbili, 1 na 2. Kila upatanisho unapovunjika, waandike ni katika ukurasa gani, walifanya nini, walichokiona, na walichotarajia kukiona. Taarifa iliyoandikwa kwa unadhifu huo, ikipelekwa katika daftari la kasoro la mradi, ni mchango halisi, nayo hupokewa kwa shukrani.

Katika vyuo vikuu twaweza kwenda mbele zaidi. Idara ya Kiswahili na idara ya sayansi ya tarakilishi ziwaketishe wanafunzi wao wawili wawili, mmoja mwenye ngeli na mmoja mwenye msimbo, na kwa muhula mmoja kila jozi ipeleke rekebisho moja. Tuzo ya alama isitolewe kwa kukubaliwa tu, bali pia kwa ubora wa maelezo na kwa namna wanafunzi walivyowajibu wahakiki. Nimeanza kulijaribu jambo hilo katika semina zangu kwa kiwango kidogo. Nililoliona ni kwamba wanafunzi wa tarakilishi huanza kuuliza maswali ya sarufi ambayo hawakuwahi kuyauliza tangu shule ya upili, na wale wa isimu hugundua kwamba kanuni waliyoikariri kwa ajili ya mtihani yaweza kuendesha chombo kinachotumiwa na watu wa nchi nyingine.

Kiswahili kimepewa heshima nyingi katika katiba, mikutano na maadhimisho. Heshima hizo ni njema, lakini hakuna hata moja inayoweza kuibadilisha "kiungo imefutwa" ikawa "kiungo kimefutwa". Hilo hubadilishwa na mtu aliyeketi mbele ya msimbo akijua anachokitafuta. Msimbo uko wazi, na daftari la kasoro liko wazi. Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi wenu huko muhula huu.